Neno Lisiloandikwa: Usomaji wa Dai la Hataza katika Rufani ya SRAM dhidi ya AD-II

Katika hati ya hataza ya Marekani, mipaka ya haki haiwekwi na maelezo marefu ya uvumbuzi wala michoro, bali na madai: tungo zenye nambari zinazofunga hati, kila moja ikiwa sentensi moja tu, hata ikijaa ukurasa. Rufani ya SRAM dhidi ya AD-II Engineering, iliyoamuliwa mwaka 2006 na mahakama ya rufani ya shirikisho inayosikiliza mashauri ya hataza nchini humo, inaonyesha jinsi tungo hizo zinavyoweza kumgeuka mwenyewe.

SRAM, kampuni ya Chicago, ilikuwa na hataza ya njia ya kubadili gia za baiskeli kwa kuzungusha mshiko wa usukani. Waya wa gia huwa na ulegevu, hivyo sehemu ya mvuto wa kwanza hupotelea humo bila mnyororo kusogea. Tena, ili mnyororo upande kutoka gia ndogo hadi gia kubwa, aghalabu husukumwa kupita kidogo gia inayolengwa. Mahakama ya chini ililisoma dai kuwa linahusu utaratibu mahususi wa kubadili gia kwa usahihi, ambao maneno ya dai hayakuutaja. Kwa usomaji huo finyu, hataza za awali hazikulibatilisha dai, na SRAM ikashinda.

Mahakama ya rufani ilikataa. Hata kama SRAM ilivumbua jambo jipya kweli, hakimu hana mamlaka ya kuliandika dai upya. Hukumu ilitenguliwa na shauri likarudishwa chini, ambako hataza za awali zingepimwa dhidi ya dai pana. Upana huo ni mtego wa zamani: tangu shauri la Peters dhidi ya Active la mwaka 1889, kinachovunja hataza kikija baadaye ndicho huibatilisha kikija kabla.

Istilahi ya Kiswahili inahitaji uangalifu hapa. Kitenzi ‘kutangulia’ hubeba wakati tu. Sheria hudai pia kwamba hati moja ya awali iwe na kila kipengele cha dai. Sarufi nayo ina uzito wake. Tungo ‘kuvuta waya, kuondoa ulegevu na kupitiliza mnyororo’ haisemi lipi huanza, wala kama yote hufanyika kwa mvuto mmoja. Tungo ‘mwendeshaji huvuta waya, akaondoa ulegevu, akapitiliza mnyororo’ hufunga mfuatano kwa kiambishi -ka-. Mwandishi wa dai anayechagua -ka- huikwepa hati ya zamani inayoonyesha matendo yakifanyika pamoja. Lakini kwa kiambishi hichohicho humwachia huru mshindani anayeyafanya pamoja leo.