Mashine za teleprinta zilivyoficha siri, na kosa moja lililozifichua

KABLA ya barua pepe kuenea, habari za haraka zilisafiri kwa waya. Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari mwaka 1879, na neno lenyewe "simu" lina asili ya Kiajemi, lenye maana ya waya.

Telegrafu ya mwanzo, iliyohusishwa na Mmarekani Samuel Morse, ilimtegemea mtu. Mpigaji alibonyeza kitufe kuruhusu umeme kupita, kwa muda mfupi kwa nukta na mrefu kidogo kwa kistari. Herufi E ni nukta moja tu, na T ni kistari kimoja. Upande wa pili, sumaku ya umeme ilivuta kipande cha chuma, na msikilizaji mzoefu aliandika akifuata milio yake.

Teleprinta ilikuja kumwondolea mtu kazi hiyo. Msingi wake ni mfumo uliobuniwa na Mfaransa Émile Baudot katika miaka ya 1870, ambao kila herufi yake ina sehemu tano zenye urefu sawa. Katika toleo lililokuja kutumika kimataifa, kila sehemu huwa na umeme (1) au haina (0). Hivyo A ni 11000, na T ni 00001.

Waya ukiwa kimya, umeme hupita muda wote. Herufi inapoanza, umeme hukatika kidogo. Hiyo ndiyo ishara ya kuiamsha mashine ya mbali. Hufuata sehemu tano, kisha ishara ya kusimama. Kwa kasi ya kawaida ya teleksi, mashine ilichapa herufi zipatazo 400 kwa dakika.

Hata hivyo, sehemu tano hutoa michanganyiko 32 tu, isiyotosha herufi na tarakimu kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, alama mbili zilitengwa za kuhamia kwenye tarakimu na kurudi kwenye herufi. Alama hiyo ikipotea njiani, neno "WEWE" lilichapwa 2323, na karani alibaki kukuna kichwa.

Mfumo huo pia ulirahisisha mno kazi ya kuficha ujumbe. Mwaka 1917 mhandisi Gilbert Vernam wa Marekani alibuni njia ya kuchanganya kila herufi na herufi ya ufunguo iliyotobolewa kwenye utepe wa karatasi. Sehemu zikifanana, jibu ni 0. Zikitofautiana, ni 1. A ikichanganywa na T hutoa 11001, yaani W. Mpokeaji mwenye utepe uleule huichanganya W na T, na A hurejea.

Sharti lake ni moja, nalo halina msamaha: ufunguo usitumike mara mbili.

Jeshi la Ujerumani lilitumia kanuni hiyo katika mashine ya Lorenz, iliyozalisha ufunguo kwa magurudumu 12. Agosti 30, 1941, mpigaji aliyekuwa Athens alituma ujumbe wa herufi zipatazo 4,000 kwenda Vienna. Alipoombwa kuurudia, aliirudisha mashine pale ilipoanzia na kuupiga upya, safari hii akifupisha baadhi ya maneno, pengine kwa uchovu.

Waingereza walikuwa wakisikiliza. Jumbe mbili zenye ufunguo mmoja zikichanganywa, ufunguo hujifuta na hubaki maandishi mawili yaliyosokotana. Kama mpigaji angerudia neno kwa neno, zisingebaki ila sifuri. Vile vifupisho vyake ndivyo vilivyompa John Tiltman mwanya wa kuyatenganisha.

Kutokana na ufunguo uliopatikana hapo, mwanahisabati kijana Bill Tutte alitambua muundo wa mashine nzima, magurudumu yote 12. Waingereza hawakuiona mashine yenyewe hadi vita ilipokuwa ikimalizika mwaka 1945.