Klachi Nzito ya Vespa: Mara Nyingi Kosa Li Katika Waya

Corradino D'Ascanio, aliyeibuni Vespa ya kwanza kwa kiwanda cha Piaggio huko Italia mwaka 1946, alikuwa mhandisi wa ndege asiyependa pikipiki. Alitaka mpandaji asiondoe mkono katika usukani, hivyo akaziweka gia na klachi pamoja upande wa kushoto. Mpango huo ni wa busara, lakini mkono mmoja hubeba kazi mbili. Klachi ikiwa nzito, mwenye kupita katika mji wenye magari mengi hufika kwake vidole vikiwa vimekufa ganzi. Wako waliouza skuta nzuri kwa sababu hiyo tu.

Fundi asiye na subira hukimbilia springi, akazitoa na kutia zilizo laini. Siku hiyo mwenye skuta hufurahi. Akifika mlimani amempakia mtu nyuma, injini hunguruma lakini gurudumu halisukumwi, maana pleti zinateleza na kuungua.

Yafaa kupima kwanza. Injini ikiwa imezimwa, waya wa klachi hufunguliwa chini, pale ulipofungwa kwenye mkono mdogo wa chuma ulio chini ya injini. Kisha huvutwa huku na huku ndani ya ganda lake. Ukikwaruza au kukwama, ugonjwa umeonekana, na springi hazina kosa.

Maganda mengi ya zamani yalikuwa chuma kilichosokotwa, bila kitu ndani. Vumbi, maji na grisi iliyoganda huyafanya yawe kama msasa. Ya siku hizi yana utando wa nailoni au Teflon, na nafuu yake husikika mkononi mara moja. Kulipitisha ganda jipya ndani ya bodi ni kazi ya kuudhi. Dawa yake ni kuuacha waya wa zamani mahali pake, kulivuta ganda lake litoke, kisha kulisukuma jipya juu ya waya huo huo mpaka litokeze. Ndipo waya mpya hutiwa. Ganda lisikunjwe kwa pembe kali popote, na kichwa cha waya pamoja na msumari wa wenzo hupakwa grisi, ama sivyo nyuzi za waya zitakatika moja moja.

Huuzwa pia mikono mirefu zaidi ya kufungwa chini ya injini. Huo hupunguza uzito kwa kweli, ila waya huvuta klachi kwa umbali mdogo zaidi; ukizidi urefu, pleti haziachani sawasawa na gia hulia zinapoingizwa.

Mwisho waya huachiwa ulegevu wa kiasi cha milimita 2 kwenye wenzo. Kwa kuwa wenzo wa Vespa huzunguka pamoja na gia, ulegevu huo hupimwa katika kila gia, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.