Je, Wajua? Rotblat, mwanafizikia aliyeliacha bomu

Je, wajua kwamba kati ya wanasayansi wote waliokusanywa na Marekani kutengeneza bomu la atomiki, Joseph Rotblat ndiye pekee anayejulikana kujitoa kwa sababu ya dhamiri kabla bomu halijakamilika?

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1908, katika familia ya Kiyahudi. Biashara ya baba yake ya usafirishaji kwa farasi ilipoporomoka wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, kijana akawa fundi umeme mchana na mwanafunzi wa fizikia usiku. Udaktari wa fizikia aliupata mwaka 1938.

Je, wajua kuwa alijua mapema jinsi bomu lingewezekana? Mwanzoni mwa 1939 majaribio yake yalionyesha kwamba kiini cha urani kikipasuka hutoa nyutroni za ziada, nazo zaweza kupasua viini vingine mfululizo.

Mwaka huohuo alikwenda Liverpool kufanya kazi na James Chadwick, mgunduzi wa nyutroni. Posho haikutosha watu wawili, hivyo mkewe, Tola, akabaki. Kiangazi alirudi kumchukua, akamkuta anaugua kidole tumbo, hawezi kusafiri. Akatangulia peke yake mwishoni mwa Agosti. Tarehe 1 Septemba Ujerumani ikaivamia Poland. Tola aliuawa katika mauaji ya halaiki ya Wayahudi, na Rotblat hakuoa tena. Yeye mwenyewe alieleza kuwa alikubali kufanya kazi ya bomu kwa hofu moja: Hitler asije akalipata wa kwanza.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga? Wachimbaji wa Kongo wanastahili kutajwa kila bomu hilo linapotajwa, na ni nadra watajwe.

Machi 1944, huko Los Alamos, maabara ya bomu nchini Marekani, Rotblat alimsikia Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi, akisema mezani kwamba shabaha halisi ya bomu ni kuwatiisha Wasovieti, ambao wakati huo walikuwa washirika wa Marekani vitani. Mwishoni mwa mwaka ikabainika kuwa Wajerumani wameachana na bomu lao. Akaomba kuondoka. Maofisa wa usalama wakamshuku kwa ujasusi. Alizipangua tuhuma, lakini akatakiwa asiwaeleze wenzake sababu zake. Sanduku lake la nyaraka likapotea safarini kwenye treni.

Baada ya Hiroshima aligeukia tiba. Akawa profesa wa fizikia katika chuo cha udaktari cha hospitali ya St Bartholomew's, London, akichunguza athari za mionzi kwa viumbe hai. Alistaafu mwaka 1976.

Je, wajua kuwa ujuzi huo ulifichua siri ya dola kubwa? Mwaka 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, Pasifiki, na majivu yake yakawaangukia wavuvi wa Kijapani. Kwa takwimu alizopewa na mwanasayansi wa Japani, Rotblat alikokotoa kuwa mionzi ilikuwa mingi kuliko serikali zilivyokubali. Alishauriwa anyamaze. Akachapisha.

Mwaka 1955 alitia saini tamko la Russell na Einstein dhidi ya silaha za nyuklia, akiwa kijana kuliko wote kati ya watu 11. Miaka miwili baadaye wanasayansi wa kambi zote mbili za Vita Baridi walikutana Pugwash, Kanada, naye akawa katibu mkuu wa harakati iliyozaliwa hapo, iitwayo Pugwash, hadi 1973.

Je, wajua kwamba Tuzo ya Amani ya Nobel ilimfikia mwaka 1995, karibu miaka 20 baada ya kustaafu? Aliigawana na harakati ya Pugwash, na kati ya wale 11 alikuwa amebaki hai yeye tu. Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Uingereza nayo ilimchagua mwaka huohuo, kuchelewa kusikoeleweka kwa mtu wa kiwango chake. Katika hotuba yake ya Nobel alitaka wanasayansi wanapoanza kazi wale kiapo cha maadili, kama madaktari.