Utando Si Kichujio: Kuufafanua Utando wa Polima wa Seli ya Fueli kwa Kiswahili cha Buyenzi

Makala haya yanahusu istilahi mbili, seli ya fueli na utando wa polima, na yanazipima katika Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao tangu zama za ukoloni umekuwa makao makuu ya wazungumzaji wa Kiswahili nchini Burundi, na ambao leo unajulikana pia kwa gereji zake. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zake. Lakini nje ya darasa, Kiswahili kinachozungumzia mitambo kila siku ni cha mafundi. Iwapo seli za fueli zitaletwa Bujumbura kuendesha minara ya simu au kulinda umeme wa hospitali, watakaoitwa zinapozimika ni watu hao.

Tafsiri ya neno kwa neno, yaani seli ya mafuta, inapotosha tangu mwanzo. Mafuta nyumbani ni ya mawese kwanza. Kinachotiwa katika gari huitwa esansi au mazutu, na uhaba wa miaka ya karibuni umehakikisha kwamba majina hayo hayasahauliki. Seli inayozungumziwa hapa haitumii kimojawapo. Hutumia haidrojeni, au methanoli katika baadhi ya aina, na hutoa umeme bila kuwasha moto. Neno fueli limo tayari katika kamusi, halina harufu ya mawese wala ya petroli, nalo linatosha.

Kosa zito zaidi ni kuuita utando kichujio. Fundi anajua la kufanya na kichujio cha hewa: hukitoa, hukipuliza kwa kompresa, hukirudisha. Utando wa seli ya fueli huwa na unene wa maikromita chache tu, mara nyingi chini ya 50, ilhali unywele wa binadamu hukaribia 70. Ukipulizwa hivyo, utachanika. Tena hauchuji kitu. Upande mmoja, platini huitenganisha haidrojeni kuwa protoni na elektroni. Elektroni huzuiwa na utando, zikalazimika kuzunguka kwa waya, na huko ndiko umeme unakopatikana. Protoni huvuka kwa kupokezanwa na molekuli za maji zilizomo ndani ya utando, kisha ng'ambo hukutana na oksijeni na elektroni zile, maji yakafanyika.

Mfano unaofaa zaidi umo katika gereji yenyewe: betri ya gari. Katika betri, asidi ya salfuri ni kimiminika. Betri ikipasuka, humwagika. Utando wa polima una vikundi vya asidi vya jamaa hiyohiyo, isipokuwa vimefungwa kikemia kwenye plastiki, hivyo haviwezi kumwagika. Asidi iliyofungwa: maneno hayo mawili yanamweleza fundi zaidi ya aya nzima ya tafsiri.

Yanaeleza pia kwa nini utando ni mgumu kuboreshwa. General Electric ya Marekani ilitumia utando wa polistirini yenye asidi katika seli zilizorushwa na chombo cha angani Gemini 5 mwaka 1965. Polistirini ililiwa upesi na kemikali zinazozuka ndani ya seli. Kampuni ya DuPont ikaja na Nafion, ambayo uti wake ni wa kaboni na florini, ndugu wa plastiki inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha. Uti huo unadumu. Lakini asidi iliyofungwa hupitisha protoni pale tu ilipo na maji, na ikikaribia nyuzi 100 za selsiasi utando hukauka. Ndiyo maana seli hizi huendeshwa karibu na nyuzi 80. Watafiti huchanganya chembe za silika ili zishike maji, huimarisha utando kwa wavu mwembamba wa ndani, na huongeza seriamu ili kuzima kemikali haribifu. Wengine hutumia polibenzimidazoli iliyoloweshwa asidi ya fosfori, inayostahimili nyuzi 120 hadi 180, ila hapa asidi haikufungwa kikemia, nayo huvuja polepole. Kuupunguza utando unene hurahisisha safari ya protoni, na papo hapo huacha haidrojeni nyingi zaidi ipenye bila kuzalisha umeme.

Mshauri wa sera ana la ziada la kuangalia. Mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza kuzuia jamii nzima ya kemikali za florini ambayo Nafion imo ndani yake, na bei na upatikanaji vinaweza kuathirika. Njia nyingine ni utando wa alkali, unaopitisha haidroksidi badala ya protoni na kuruhusu nikeli ichukue nafasi ya platini. Wapo watakaoitaja haraka nikeli ya Musongati. Haraka hiyo haifai: tatizo la utando huo ni uhai wake mfupi na kaboni dioksidi ya hewani inayoupunguzia nguvu, na mgodi hauponyi lolote kati ya hayo.

Kwa mwongozo wa matengenezo, jambo moja lisikosekane. Fundi hatii maji ya bomba katika betri, kwa sababu chumvi zake huiharibu. Katika utando, sodiamu, kalisi na chuma hukalia nafasi za protoni kwenye asidi iliyofungwa na kuzuia kazi. Sentensi inayopendekezwa hapa ni hii: «Utando ni asidi iliyofungwa katika plastiki, usiupulize, usiukaushe, na maji yanayouhudumia yawe safi kama ya betri.»