Changuu, Kabla ya Kadi ya Manjano

Majirani zangu hapa Waithaka wakipanga kwenda Zanzibar hupitia kwangu kwanza, kwa kuwa wanajua nimechanja wasafiri mjini kwa miaka mingi. Swali ni lile lile: "Sista, hiyo sindano ya homa ya manjano ni lazima kweli?" Nami huwasimulia habari za Changuu.

Ni kisiwa kidogo mbele ya Mji Mkongwe, jirani ya Bawe na Chapwani, hakifiki hata kilomita moja kwa urefu. Zamani watumwa waliokaidi mabwana zao walifungiwa huko. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua akajenga gereza, lakini halikupata mfungwa hata mmoja. Likageuzwa karantini ya homa ya manjano.

Ugonjwa huu hujificha. Mtu akishaumwa na mbu mwenye virusi, huchukua siku 3 hadi 6 kabla ya homa kumpanda. Abiria angeshuka melini akitembea vizuri, akaugulia nyumbani kwa wenyeji wake, mbu wa mtaani wakamuuma na kupeleka maradhi kwa jirani. Mbu huyo haruki mbali, kwa hiyo maji yaliyotenganisha Changuu na mji yalifanya kazi ambayo daktari wa wakati ule hakuwa na dawa ya kuifanya.

Marseille, Ufaransa, nako walitumia visiwa. Tauni iliyoingia na meli Grand Saint-Antoine mwaka 1720 iliua karibu nusu ya watu wa mji ule. Karne iliyofuata wakajenga hospitali ya wagonjwa wa homa ya manjano kwenye kisiwa cha Ratonneau.

Kilichowaachilia wasafiri ni chanjo. Max Theiler, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliitengeneza miaka ya 1930, akatuzwa Nobeli mwaka 1951. Kila ninapokunja mkono wa shati la mtu kumchoma, humkumbuka Theiler.

Leo watu huenda Changuu kulisha kobe wakubwa. Wanne wa kwanza walitoka Shelisheli mwaka 1919, wakazaana hadi 200, kisha wezi wakakaribia kuwamaliza: mwaka 1996 walibaki 7 tu. Inaniuma.

Basi chanjweni siku 10 kabla ya safari, kwani kadi ya manjano ya chanjo haihesabiki mapema zaidi ya hapo. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote. Na mkifika Changuu, msiishie kwa kobe. Ingieni na gerezani.