CHAMA KILICHO WAZI KWA WANACHAMA WENYE ULEMAVU

Kanuni ya kwanza kati ya kanuni saba za ushirika, zilizopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika huko Manchester, Uingereza, mwaka 1995, yasema kwamba uanachama ni wa hiari, nao uko wazi kwa watu wote wawezao kutumia huduma za chama na walio tayari kuubeba wajibu wake. Neno hilo la kuweza kutumia huduma husomwa upesi na kupitwa, ilhali lina uzito. Mkulima anayetembea kwa magongo aweza kupalilia na kuvuna kahawa yake. Akifika chamani akakuta dirisha la malipo liko juu ya ngazi zisizo na reli ya kushikia, hawezi tena kuitumia huduma. Kilichomshinda si kilimo wala si ushirika, bali ni ngazi. Na ngazi hizo zilijengwa na chama.

Jambo hili haliwahusu watu wachache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani mtu mmoja katika kila sita, wana ulemavu mkubwa. Tena wahenga walinena: kabla hujafa hujaumbika. Mwanachama aliyejiunga akiwa kijana mwenye nguvu huzeeka. Macho yake hufifia, magoti hukaza na masikio huwa mazito. Chama kinachomwandalia njia asiyeweza kupanda ngazi leo kinawaandalia wengi wa wanachama wake kesho.

HASARA YA KUTUMIWA MTU

Mwanachama asiyeweza kufika dirishani kwa kawaida humtuma mtoto au ndugu. Ndugu huyo hupeleka mazao, huchukua stakabadhi, hupokea fedha, na mwishowe huhudhuria mkutano. Baada ya misimu michache halmashauri humfahamu aliyetumwa, na mwenye shamba hubaki kuwa jina katika daftari. Uzito ukipunguzwa au fedha zikipungua njiani, hana njia ya kujua. Hata haki ya kila mwanachama kuwa na kura moja humtoka pasipo azimio lolote la kumnyima. Kutuma mtu ni halali ikiwa mwanachama amependa mwenyewe. Lakini ikiwa chama hakikumwachia njia nyingine, hapo hakuna hiari.

NJIA NA MLANGO

Maghala mengi huinuliwa juu ya ardhi ili unyevu na panya wasiharibu mazao, na ofisi iliyoungana na ghala huinuka pamoja nalo. Dawa yake ni njia ya mteremko. Kipimo kinachokubalika ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kimo, njia iwe na urefu wa sentimita 12. Sakafu iliyoinuka sentimita 45 huhitaji mteremko wa meta 5 na sentimita 40. Mteremko mfupi wa kusukumia matoroli ya magunia haufai kwa kazi hii, kwa kuwa ni mkali mno, na mtu aliye katika kiti cha magurudumu aweza kurudi nyuma na kuanguka. Juu ya mteremko, mbele ya mlango, pawe na mahali tambarare pa meta 1 na nusu kila upande, ili mwenye kiti aweze kusimama na kufungua. Mlango usipungue sentimita 80 za upana, na reli ya kushikia iwekwe pande zote mbili. Choo nacho kikumbukwe, maana mkutano huweza kuchukua siku nzima.

MIZANI NA MALIPO

Mahali hapa panahitaji utaratibu kuliko saruji. Karani wa mizani autamke uzito wa kila gunia kwa sauti, ili asiyeona asikie. Kisha auandike na kumwonyesha mwenye mazao kabla gunia halijaondolewa, ili asiyesikia aone. Desturi hizo mbili hazigharimu chochote, na humlinda kila mwanachama, mwenye ulemavu na asiye nao.

Dirishani, noti zihesabiwe moja moja mkononi mwa asiyeona, na thamani ya kila moja itajwe. Sehemu ya meza ya malipo ishushwe hadi sentimita 80 hivi kutoka sakafuni, ili aliyeketi aione na kuifikia. Chama kiamue mapema, kwa azimio lililoandikwa, jinsi ya kuthibitisha malipo ya mtu asiyeweza kutia sahihi wala dole gumba, na mashahidi wawe wale aliowachagua mwenyewe. Pale ambapo fedha hulipwa kwa simu, katibu asiwe mshika namba za siri za wanachama. Afadhali amwelekeze mwanachama jinsi ya kuifanya simu isome maandishi kwa sauti, kwani simu nyingi za kisasa zina uwezo huo.

MKUTANO MKUU

Mkutano ufanyike mahali pa chini panapofikika. Taarifa ya mwaka na makisio visomwe kwa sauti mbele ya wote, wala visigawiwe kwa karatasi tu. Na nakala chache zichapwe kwa herufi kubwa. Viziwi watumiao lugha ya alama wawekewe mkalimani, asimame karibu na msemaji, mahali penye mwanga. Kura ikipigwa kwa kunyosha mikono, hesabu itangazwe. Ikipigwa kwa siri, asiyeona asaidiwe na mtu anayemwamini mwenyewe, asipangiwe na meza kuu.

AJIRA

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Sheria hiyo humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa wenye ulemavu hawapungui asilimia 3. Chama cha msingi chenye katibu, mtunza ghala na mlinzi hakifikii idadi hiyo. Hata hivyo muungano, kiwanda cha kuchambua pamba au cha kukoboa kahawa huweza kuifikia. Na chama kidogo hakizuiwi kufanya haki bila kushurutishwa.

Kuajiri peke yake hakutoshi. Kazi nayo irekebishwe imfae mtendaji. Karani mwenye ualbino, ambaye ngozi yake huumizwa na jua na macho yake huona kwa shida, asiwekwe kwenye mizani ya uwanjani tangu asubuhi hadi jioni. Apewe kazi ya kivulini, meza yenye mwanga mzuri na daftari la mistari mikubwa. Fundi kiziwi aweza kufanya kazi kiwandani vizuri kama wenzake, mradi kengele ya hatari ifungiwe taa inayowaka na kuzimika. Taa hiyo itawafaa wote, kwa kuwa katika kelele za mashine hata mwenye masikio mazima huenda asisikie kengele.

PA KUANZIA

Kazi ianze kwa kuuliza. Kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa, katibu alipitie daftari la wanachama pamoja na wajumbe wa halmashauri, wawatambue wale ambao hawajaonekana chamani kwa muda mrefu, na kuwaendea kujua kinachowazuia. Jibu huenda likawa mfereji usio na daraja, wala si jengo. Halmashauri isikisie kwa niaba yao. Mkaguzi bora wa mteremko ni mtu atakayeupita. Vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, kikiwamo Chama cha Viziwi na Chama cha Wasioona, vina watu wenye ujuzi wa kushauri.

Kisha yaliyoonekana yagawanywe mafungu mawili. Yasiyohitaji fedha, kama vile kutamka uzito na kutangaza hesabu ya kura, yaanze siku ya kwanza ya msimu. Yanayohitaji fedha, kama mteremko, reli na malipo ya mkalimani, yaingizwe katika makisio na kupelekwa mbele ya Mkutano Mkuu yakiwa na kifungu chake, kama yanavyoingizwa maturubai na ukarabati wa paa. Yakiachwa nje ya makisio yatabaki kuwa huruma ya katibu aliyepo, nayo yataondoka naye. Yakipitishwa na wanachama yatakuwa mali ya chama, na mwanachama aliyezoea kutuma mtu ataweza kuja mwenyewe kushuhudia uzito wa jasho lake.