Nguvu Bila Nidhamu ni Hasara

Giaboksi ya otomatiki ya Powerglide, iliyotolewa na Chevrolet ya Marekani mwaka 1950, ina gia mbili tu za kwenda mbele. Hata hivyo, hadi leo inapendwa katika mashindano ya robo maili kwa wepesi na uimara wake.

Mafundi huiboresha kwa utaratibu. Huweka konveta inayoiacha injini izunguke kwa kasi zaidi kabla gari halijaondoka, huongeza sahani za klachi, na hupandisha shinikizo la oili ili gia zishike bila kuteleza. Fauka ya hayo, hufunga kipoza oili, maadamu joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi. Konveta hiyo hiyo, ikitumiwa mitaani, huzidisha joto na kula petroli bure.

Kila kitu na mahali pake. Mwaka 1951 Wally Parks aliasisi chama cha NHRA, kikawahimiza vijana waache kushindana barabarani, wakashindane viwanjani. Sisi twaiunga mkono hekima hiyo. Barabara ni mali ya umma, na mtoto avukaye kwenda shule hakujiandikisha katika mashindano ya mtu yeyote.